Sauti Iliyotoka Komarock kwa Waya wa Simu

Mume wangu alianza kuanguka kwenye ngazi za studio. Studio yenyewe ilikuwa mjini, ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa tangu tulijue, naye alizipanda ngazi hizo karibu kila siku kwenda kusoma matangazo ya redio. Sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya mbu, mbegu za mahindi. Ilikuwa miaka ya tisini, redio zikilia kila nyumba, na hata kama hukuwahi kumwona, ulikuwa umemsikia ukiosha vyombo. Pale Komarock, mtaa wa Nairobi tulipokuwa tukiishi, watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Akisema tu "nipe mkate" dukani, kuna mtu angegeuka.

Mwanzoni alidhani ni viatu. Akanunua vingine, vyenye soli ya mpira, na bado mguu wa kushoto ukawa unaburuta kama wa mtu aliyekanyaga matope. Kisha ukafuata wa kulia. Siku moja aliletwa nyumbani na teksi, suruali imechanika gotini, akashikiliwa na dereva mpaka mlangoni. Alikuwa akicheka. Alicheka kwa sababu watoto walikuwa wanatazama.

Tulizunguka hospitali kwa muda mrefu kabla ya kufika kwa daktari aliyejua anachokitazama. Alimgonga magoti, akamkuna nyayo, akatazama misuli ya paja ikicheza yenyewe chini ya ngozi. Halafu akavuta kiti.

"Kuna mishipa inayoiamuru misuli," alituambia. "Hiyo ndiyo inayokufa. Polepole. Hatujui kwa nini."

"Kuna dawa?" niliuliza.

"Ya kuponya, hapana."

Mume wangu hakuuliza ataishi muda gani. Aliuliza, "Na sauti je?"

Daktari alitazama karatasi zake, akatabasamu. "Sauti yako ni nzuri sana. Mimi mwenyewe huwa ninakusikia asubuhi nikinyoa ndevu."

Tulilichukua hilo kuwa jibu. Tulitoka pale tumeshikana mikono kama watu waliopewa habari njema, kwa kuwa miguu tulikuwa tumeshaitoa akilini, ilimradi tumeachiwa kile kingine.

Mimi nilikuwa opereta wa simu. Miaka mingi nilikaa mbele ya swichibodi ya kiwanda kimoja cha Industrial Area, nikiunganisha mabosi na wateja, huku wenzangu wa kwenye mashine wakiingia getini kwa miguu kutoka mabanda ya Mukuru kwa Njenga, viatu mkononi siku za mvua. Kisha kiwanda kikanunua mtambo unaojiunganisha wenyewe, nikapewa barua na kiroba cha bidhaa zao. Kwa hiyo ugonjwa ulipoingia nyumbani ulinikuta nipo. Nilimwosha, nikamvalisha, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu tulichopewa na watu wa kanisa. Na kwa kuwa ngazi za studio zilikuwa zimemshinda, kazi ikasimama.

Aliyekuja na wazo ni fundi wa studio, mtu wa Murang'a, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu chumba cha pili. Alikuwa ndiye anayekaa upande wa pili wa kioo mume wangu akisoma, na walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu wote wakiwa vijana. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akanywa chai, akatazama miguu ya rafiki yake, akatazama simu iliyokuwa juu ya kabati.

"Mzee," akasema, "kama wewe huwezi kupanda, tupandishe sauti peke yake."

Mume wangu alisema sauti ya kwenye simu ni sauti ya kwenye kopo. Fundi akakubali. Waya wa simu, alitueleza, hupitisha katikati tu ya sauti: unakata uzito wa chini na unakata ncha za juu. Ndiyo maana kila mtu kwenye simu husikika kama anaongea akiwa ndani ya debe. Lakini alikuwa anajua visanduku viwili, vya chuma, vilivyowahi kutumiwa na watangazaji wa mpira kurusha mechi kutoka uwanjani. Kimoja kinakaa kwa msemaji, kingine kinakaa kwa mpokeaji. Cha msemaji hupandisha sauti nzima juu kidogo, ili ule uzito wa chini usikatwe njiani. Cha mpokeaji huishusha tena mahali pake. Mtu aliyekuwa navyo alikuwa ameshastaafu na havimsaidii kitu.

"Na kelele?" mume wangu akauliza.

"Kelele tutapigana nayo hapa."

Tulipigana nayo kwelikweli. Tulichukua chumba cha watoto kwa sababu kilikuwa na dirisha dogo. Watoto wakahamia sebuleni. Magodoro yao mawili tuliyasimamisha ukutani, dirisha nikaliziba kwa godoro la tatu, na darini nikatundika mablanketi kwa misumari. Nilikuwa nimekusanya trei za mayai kutoka kwa mama wa duka, lakini fundi akasema trei ni za kupendeza macho tu, blanketi ndilo linalomeza sauti. Ukiingia mle na kufunga mlango ulijisikia kama umefunikwa. Mume wangu aliketi katikati, maikrofoni mbele yake, kwenye kiti chake cha magurudumu, akapiga makofi mara moja. Kofi likafa papo hapo. Alinitazama, macho yanang'aa.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mashine ya kusaga unga, na hiyo haikuzuiliwa na blanketi lolote. Ilikuwa ikiunguruma tangu asubuhi mpaka jioni, na ardhi yenyewe ikitetemeka. Halafu kukawa na mvumo wa stima ndani ya mitambo yetu, mmm isiyokwisha, hata nilipozika chuma ardhini na kukifunga waya kama fundi alivyonielekeza. Mwishowe tuliitoa mitambo kwenye stima kabisa tukaiendesha kwa betri ya gari. Hapo ndipo tukagundua neema ya ajabu. Stima ikipotea mtaani, mashine ya unga ilizima, redio za majirani zilizima, mtu wa kuchomelea vyuma aliweka koleo chini; na sisi, na betri yetu, tulibaki tunafanya kazi. Tukawa watu pekee wa Komarock wanaofurahi stima zikipotea. Majirani wakisikika wakilalamika nje, mimi nilikuwa ninakimbia kumsukuma mume wangu chumbani na kuipigia studio.

Siku ya kwanza ya kujaribu, nilipiga simu, fundi akajibu, nikabonyeza kitufe cha kisanduku chetu kama nilivyofundishwa. Mume wangu akasoma mstari wa tangazo la mbegu. Nikasikia fundi akicheka mpaka akakohoa.

"Mama, mwambie mzee anasikika kama mtoto wa nasari! Nimesahau kuwasha cha huku."

Nilipomwambia, mume wangu naye akacheka, tukacheka sote, mimi nimeketi sakafuni na waya mapajani. Fundi akawasha kisanduku chake. Mume wangu akasoma tena, polepole, kwa ile sauti yake ya chini iliyokuwa kama mtu anayeweka mzigo mezani kwa uangalifu.

"Mzee," fundi akasema, "uko hapa ndani. Nimegeuka kukutafuta."

Kwa miezi kadhaa tuliishi hivyo, na ikiwa mtu ataniuliza kama kuna furaha niliyoipata katika ugonjwa ule, nitamwonyesha miezi hiyo. Karatasi za matangazo zililetwa asubuhi, yeye akazisoma kimoyomoyo akinywa uji, akaweka alama za kupumua kwa kalamu nyekundu. Mikono ilikuwa imeanza kudhoofika, kwa hiyo mimi ndiye niliyegeuza karatasi, nikiwa nimevua bangili zisilie. Nikawa ninajua kukaa bila kupumua. Nje ya nyumba watu walimsikia redioni wakasema ameanza kupona.

Kisha siku moja, katikati ya tangazo la sabuni, fundi akasema, "Mama, laini yako inakula s."

"Inakula vipi?"

"Zinafika zimelegea. Kama zimelowa maji. Hebu angalia waya."

Niliangalia waya. Nilifungua plagi zote nikazisugua kwa pamba na spiriti. Tulijaribu tena siku iliyofuata, s zikawa bado zimelegea, na sasa r nazo. Nilibadilisha waya wa maikrofoni. Nilibadilisha waya unaotoka kwenye simu kwenda kwenye kisanduku. Nilikuwa na hakika. Miaka yote ile kwenye swichibodi nilikuwa nimejifunza kwamba sauti ikiharibika, imeharibika njiani. Wasemaji hawana shida, shida ni kilicho kati yao. Na waya wa simu ndivyo ulivyo, s ndizo za kwanza kupotea, kila opereta anajua hivyo. Ukitaja jina lenye s unarudia mara mbili.

Niliwaita watu wa laini. Alikuja mmoja, kijana mrefu mwenye mkanda wa vyuma kiunoni, akapanda nguzo iliyo kona ya nyumba, akafungua kisanduku kilichokuwa juu, akapiga mluzi.

"Madam, hii boksi ni ya mchwa sasa," akaniita. "Wamejenga hapa ndani. Wameweka mpaka mchanga."

Sijawahi kufurahia wadudu kama siku ile. Nilisimama chini ya nguzo nikitazama mchanga mwekundu ukidondoka, nikakimbia ndani. "Ni mchwa!" nilimwambia mume wangu. "Walikuwa wamejaa kwenye boksi. Ameshawatoa."

Alitikisa kichwa polepole. Alikuwa anakunywa chai, na chai ikampalia. Ilimpalia sana, nikampiga mgongoni, ikamtoka puani. Tulisema ilikuwa moto.

Ilikuwa majira yale mama mkwe wangu alipofika kutoka Kakamega kunisaidia. Mwanamke wa maneno machache, aliyeweza kupika sufuria nzima ya mboga ya mrenda bila mlio wa kijiko. Alikuwa hajamwona mwanawe tangu Krismasi. Aliketi naye mchana mzima wakizungumza mambo ya shamba na ya ndugu, na jioni akanifuata jikoni.

"Mwanangu anaongea kama mtu aliyetoka kung'olewa jino," alisema.

Nilimwambia amechoka. Nilimwambia dawa zinakausha mdomo. Nilimwambia pia, kwa sauti iliyonishangaza mimi mwenyewe, kwamba yeye ametoka mbali na hajui mambo ya hapa. Alichukua kisu akaendelea kukata vitunguu nilivyokuwa ninakata mimi.

Ninajiuliza mara nyingi ni vipi sikusikia. Nililala kando ya mtu huyu. Lakini sauti ya mtu unayeishi naye huisikii, unasikia anachosema. Akiomba maji unasikia maji.

Siku ya kujua ilikuwa mchana, stima zilikuwa zimepotea na mtaa umetulia vizuri. Tangazo lilikuwa lilelile la sabuni, lenye mstari ambao nadhani aliyeuandika alitaka kututesa: "Siku ya sikukuu, shati safi, sura safi." Mume wangu aliusoma. Akaurudia. Akaurudia tena, akiuma kila neno, mishipa ya shingo imemsimama. Mimi ndiye niliyekuwa na vipokea sauti masikioni, kwa hiyo fundi aliongea nami peke yangu.

"Mama," alisema, na nikasikia anachagua maneno. "Hebu nisaidie kitu. Kaa pale kwenye maikrofoni, usome mstari huo wewe."

"Mimi?"

"Tuone laini inafanya nini."

Nilikisogeza kiti cha mume wangu pembeni, nikapiga magoti mahali kilipokuwa, nikasoma. Siku ya sikukuu, shati safi, sura safi.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Mama," fundi akasema. "Laini iko sawa."

Sikugeuka. Nilikuwa ninatazama ule wavu mdogo wa maikrofoni, umebonyea upande mmoja mahali ilipowahi kuangushwa. Nilisikia mume wangu akiuliza nyuma yangu, "Amesema nini?"

Hakuna namna nyingine ya kulisema. "Amesema laini iko sawa."

Akasema, "Basi," na neno hilo, fupi hivyo, likatoka limelegea, na kwa mara ya kwanza nililisikia.

Nilidhani ataomba kutolewa chumbani. Badala yake alitaka vipokea sauti. Nikamvalisha. Akasema kwa maikrofoni, "Nichezee. Yangu na yake." Fundi alikataa, niliona kwa uso wa mume wangu kwamba amekataa. "Wewe ni rafiki yangu," mume wangu akasema. "Nichezee."

Sikusikia alichosikia. Nilimwona tu. Alisikiliza macho yamefumbwa, kama alivyokuwa akisikiliza kazi yake siku zote, kichwa kikiyumba kidogo kwa mapigo ya maneno. Alipofungua macho hayakuwa na machozi. Alinitazama kama mwalimu.

"Yako ni nzuri," alisema. "Lakini unakimbia. Pumua kabla ya shati."

Tangazo lilikuwa la kutoka kesho yake na mwenye sabuni hakuwa tayari kungoja. Fundi aliniuliza mimi, nikamtazama mume wangu, mume wangu akasema, "Soma, mama watoto." Nikasoma. Nilipumua kabla ya shati.

Hivyo ndivyo nilivyochukua kazi yake. Hakuna aliyeipanga. Nyumba ilitaka kula, wenye bidhaa waliipenda sauti yangu, walisema ni ya mama anayeaminika. Karatasi zikaendelea kuletwa asubuhi. Mwanzoni yeye aliziwekea alama kwa kunielekeza: hapa panda, hapa shuka, hapa usitabasamu sana. Aliketi kwenye kiti chake kando ya godoro la ukutani, na nilipokosea alikuwa akigonga mkono wa kiti kwa kidole. Kidole kilipochoka alitumia macho. Sauti yake ikaendelea kuyeyuka. Kwanza wageni hawakumwelewa, kisha watoto, na mwishoni mimi na mama yake tu, kila mmoja akimtafsiria mwingine kwa kubahatisha.

Siku moja nilitoka chumbani baada ya kusoma nikamkuta kitandani ametazamishwa ukuta, mlango wa chumba chake umefungwa. Siku zote tulikuwa tunauacha wazi.

"Ni yeye ametaka," mama mkwe alisema. "Nilichelewa kumwelewa. Alikuwa anataka nifunge mlango."

"Alisema kwa nini?"

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Tangu siku hiyo nilisoma milango yote miwili imefungwa.

Lakini redio haifungwi mlango. Kuna asubuhi nilikuwa jikoni, mikono ina unga, na redio ilikuwa kwenye stuli karibu na kitanda chake, kwa kuwa alipenda habari. Habari zikaisha. Nikaisikia sauti yangu ikianza, changamfu, ikiwaambia akina mama wa Kenya nzima kuhusu nguo nyeupe. Mikono yake haikuweza kufika kwenye swichi. Haikuweza hata kuinuka kutoka kwenye shuka. Nilikimbia. Tangazo ni fupi mno. Nilipofika mlangoni lilikuwa limekwisha na muziki umeanza, naye alikuwa anatazama dari. Nilisimama pale unga ukinikaukia vidoleni. Yeye alikuwa na la kuniambia, niliona midomo ikijaribu, nikainama nikaweka sikio karibu kabisa. Ilikuwa pumzi tu. Sikulielewa neno lile, na yeye alijua sikulielewa, akafumba macho ili nisiendelee kujaribu.

Alifariki asubuhi ya mvua, mama yake amemshika kichwa. Tulimzika kwao. Watu wengi walikuja kwa sababu walikuwa wanamjua kutoka redioni, na kila mmoja alitaka kuniambia alikuwa wapi alipomsikia mara ya kwanza. Mmoja alisema alikuwa kisimani. Mwingine alisema alikuwa jela.

Niliporudi Nairobi, fundi alinipa muda, kisha akapiga simu. Kulikuwa na tangazo la majani ya chai. Alisema ikiwa siwezi, ataelewa. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikasoma. Nilikuwa nimejitayarisha kwa sauti kutetemeka. Haikutetemeka hata kidogo. Ilitoka safi, kila s mahali pake, na fundi akasema kwa upole kwamba ile ya kwanza inatosha. Nilikaa mle ndani muda baadaye nikijichukia.

Wiki ile ndipo nilipofikiria kanda. Chumba chetu kilikuwa cha kutuma tu. Sauti ilitoka Komarock ikaenda, na kilichorekodi kilikuwa kule mjini; nyumbani hatukuwahi kuwa na mashine ya kubakisha kitu. Watoto walikuwa wadogo. Nilitaka wawe na hata tangazo moja, hata la dawa ya mbu.

Nilizipanda zile ngazi, nikipumzika kila ghorofa, nikishangaa alikuwa akizipandaje mguu mmoja ukiburuta. Fundi aliponiona alijua nimefuata nini. Alinikalisha kwenye kiti chake.

"Mama, kanda hununuliwa kwa shida," alisema. "Tangazo likishaenda kwenye vituo, sisi tunafuta tunarekodia lingine. Na vituo vikimaliza nao wanafuta. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Hata sikufikiri."

Hata hivyo alitafuta. Alitoa kanda kabatini, akazipanga mezani, akaanza kuzipitisha kwenye mashine moja baada ya nyingine, vipande vya muziki, vicheko, watu nisiowajua wakisifu rangi za nyumba. Alifanya hivyo mchana wote na aliwaambia wateja waliokuja warudi kesho. Karibu na jioni akapata boksi lililokuwa na jina la mume wangu ubavuni, kwa mwandiko wake fundi mwenyewe. Tukaangaliana. Akaifunga kanda kwenye mashine.

Ilianza na sauti ya mtu akivuta pumzi. Kisha ikaongea, na ilikuwa mimi. Siku ya sikukuu, shati safi, sura safi.

Fundi aliizima haraka. Akaipeleka mbele, akairudisha, akaigeuza, akasikiliza mpaka mwisho akitumaini pamebaki kipande ambacho sikukifunika. Mimi nilikuwa nimeshasimama na kuchukua mkoba. Alinifuata mpaka ngazini akiomba radhi, nikamwambia si yeye, na kweli si yeye, lakini sikuweza kumtazama.

Sikusoma tena baada ya hapo. Alikuja mwenyewe kuchukua kisanduku chake, akakifungua waya, akanywa chai nusu kikombe. Nilipata kazi kwenye ofisi moja, ya kupokea simu za watu na kuwaambia wangoje. Mama mkwe alirudi kwake, na tulipoagana alinishika mikono yote miwili.

Miaka michache baadaye binti yangu aliniuliza baba alikuwa akiongeaje. Alikuwa anakumbuka kiti cha magurudumu, anakumbuka harufu ya mafuta niliyokuwa nikimkandia miguu, lakini sauti hapana. Nikajaribu. Niliteremsha sauti chini kadiri nilivyoweza, nikasema mstari mmoja wa mbegu za mahindi, polepole, kama alivyokuwa akisema. Alisikiliza kwa makini sana, uso umekunjamana, akitaka kukumbuka.

"Hiyo ni yako tu, mama," akasema.

Alikuwa sahihi. Na mimi mwenyewe, nikikaa sasa nikaitafuta ile ya zamani, ile iliyogeuza watu dukani, siipati. Ninayoipata ni ya mwisho, iliyolegea, ikiniambia neno ambalo sikulielewa.